Kitu Kilichookotwa Ugenini: Je, Kukiweka ni Wizi?

Suala tutakalolieleza katika darasa hii huletwa na watu wa namna mbili: mahaji wanaorejea kutoka Makka, na vijana wetu waliokwenda kutafuta riziki Uarabuni na Ulaya. Wote wauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mtu akiokota fedha, au saa, au simu, au kipande cha dhahabu katika nchi isiyokuwa yake, naye hamjui mwenyewe wala hafahamu lugha ya watu wa hapo, kisha akakitia mfukoni na kurudi nacho kwao, je, huyo amekwiba? Na wako wanaojijibu wenyewe kabla ya kujibiwa, wakasema kwamba kuokota si kwiba, na kwamba mali ya asiyekuwa Mwislamu katika nchi yake haina haramu. Neno la kwanza lina nusu ya ukweli. La pili halina hata chembe.

Yapasa kwanza tuyatenganishe maneno. Wizi unaotajwa katika hukumu za Sharia, ule ambao adhabu yake ni kukatwa mkono, una sharti zake. Na mojawapo ni kuwa mali imechukuliwa kwa siri kutoka mahali pake pa kuhifadhiwa, ambapo wanavyuoni hupaita hirzi: sanduku lililofungwa, duka lililotiwa kufuli, mfuko ulio ndani ya nguo ya mtu. Kitu kilichoanguka njiani kimekwisha toka katika hirzi yake, kwa hiyo aliyekiokota hakatwi mkono. Hapa ndipo wengi huishia, wakafurahi. Lakini kutokatwa mkono si kuhalalishiwa mali. Aliyewekewa amana akaikana hakatwi mkono. Aliyeghusubu shamba la jirani yake mchana kweupe hakatwi mkono. Wala hapana mwanachuoni aliyesema kuwa hao wamekula halali. Wao ni wenye kufanya khiyana na dhulma, na dhulma haitaki jina la wizi ndipo iwe dhambi.

Kitu cha kuokota Sharia imekipa jina lake, lukata, na mlango wake peke yake katika vitabu vya fiqhi. Asili ya mlango huo ni Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahaba Zaid bin Khalid Al-Juhani. Mtu alimwendea Bwana Mtume (S.A.W.) akamuuliza habari ya kitu kilichookotwa. Akamwamrisha akijue vizuri chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha akitangaze mwaka mzima. Asipotokea mwenyewe, basi ana ruhusa kukitumia, lakini mwenyewe akija siku yoyote baada ya hapo, amrudishie. Alipoulizwa juu ya mbuzi aliyepotea alimruhusu kumchukua, kwani asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwa mwitu. Alipoulizwa juu ya ngamia alikasirika, kwa kuwa ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, atakwenda mwenyewe mpaka akutane na bwana wake. Natupazingatie hapo. Si kila kilichopotea huokotwa. Vingine huachwa pale pale, maana mwenyewe atarudi kuvitafuta alipoviacha.

Na hiyo amri ya kujua chombo na kamba si jambo dogo. Maana yake ni kwamba mwokotaji awe na alama atakazomuuliza mdai. Anayetangaza asema, "Nimeokota kifuko cha fedha," wala hasemi rangi yake, wala idadi ya fedha, wala namna kilivyofungwa, kwani akiyasema yote atapata wenyewe kumi kabla ya adhuhuri. Utangazaji nao una utaratibu. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake ni katika vitabu wanavyovisoma wanafunzi wa fiqhi katika pwani yetu, ameeleza kuwa hutangazwa masokoni na milangoni mwa misikiti: mwanzo kila siku asubuhi na jioni, kisha mara moja kwa siku, kisha kila juma, kisha kila mwezi, hata mwaka utimie. Kitu kidogo hutangazwa muda ambao kwa desturi mwenyewe hukata tamaa nacho. Na kilicho duni kabisa, mfano wa tende moja, hakitangazwi. Lakini tusisahau kuwa Mtume mwenyewe aliiona tende njiani asiile, akikhofu isije ikawa ni ya sadaka.

Sasa tuje kwenye nia, kwani ndiyo kitovu cha suala lote. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wasema kuwa aliyeokota kwa nia ya kumhifadhia mwenyewe, mkono wake ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika bila ya uzembe wake, hana dhamana. Ama aliyeinama akakiokota hali yakuwa moyoni amekwisha nuia kukila, huyo tangu dakika ile ana dhamana kama aliyeghusubu. Na Nawawi aongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mtu huyu hana ruhusa baadaye kugeuza nia, akatangaza mwaka mmoja, kisha akakimiliki. Mlango wa kumiliki amekwisha kujifungia mwenyewe.

Chukua mfano wa simu, ambayo leo ndiyo kitu kipoteacho zaidi. Simu iliyoangushwa garini haijakatana na mwenyewe. Italia, naye atapiga kwa simu ya mwenziwe. Mwenye kuiokota kwa nia njema huiacha iwake na huipokea. Mwenye nia mbaya, kitu cha kwanza afanyacho ni kuizima na kuitoa laini. Kitendo hicho tu chatosha kuwa shahidi. Hamtafuti mwenyewe akamkosa, amemkimbia. Basi asitwambie kuwa "mwenyewe hakujulikana".

Twaingia katika la ugenini. Hoja ya hawa ndugu ni kuwa hukumu tulizozitaja ni za baina ya Waislamu, na kwamba wao wako katika nchi za watu wengine. Hoja hii ni ya zamani, na Mwenyezi Mungu amekwisha kuijibu. Katika Sura ya Aali Imran, Aya ya 75, amewataja watu katika Ahlul Kitabi ambao ukimwamini mmoja wao kwa dinari moja hakurudishii mpaka umsimamie, kwa kudai kwao kuwa hawana lawama katika kula mali ya watu wasiokuwa wa kitabu chao. Na akaeleza kuwa wamsingizia Mwenyezi Mungu uwongo hali wanajua. Je, yafaa Mwislamu ayachukue maneno yale yale yaliyolaumiwa katika Qurani, ageuze jina la anayedhulumiwa, kisha ayafanye dini?

Na mwendo wa Mtume ni huo huo. Mwaka wa Hijra, yaani 622, jamaa zake Makureshi walikuwa wamepanga kumwua, na huku mali zao wamemwekea yeye kwa ajili ya uaminifu wake. Alipotoka usiku kwenda Madina alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe amana zile kwa wenyewe, mmoja mmoja. Hakusema kuwa hawa ni maadui, na mali yao ni ngawira. Na Mughira bin Shu'ba, kabla ya kusilimu, alisafiri pamoja na watu, akawaua akachukua mali zao. Alipokuja kusilimu, Mtume aliukubali Uislamu wake na akajitenga na mali ile, kwani ilipatikana kwa khiyana. Watu wale hawakuwa Waislamu, na bado mali yao haikuguswa.

Haki yataka tulitaje na lile ambalo wenye hoja hii huling'ang'ania. Ni kweli kuwa vitabu vyetu vimetaja kiokotwa cha Darul-Harb, nchi ya vita, vikakihesabu kama ngawira. Lakini wasomao mstari huo huuruka ulio ubavuni mwake. Kwanza, maneno hayo ni ya nchi ambayo hamna Mwislamu hata mmoja. Na leo ni mji gani mkubwa wa Ulaya au Marekani usiokuwa na msikiti? Aliyeokota mkufu katika njia za London ajuaje kuwa si wa mama wa Kiislamu? Pili, nalo ndilo lenye uzito, maneno hayo hayamhusu aliyeingia kwa amani. Imamu Shafi mwenyewe, katika Al-Umm, ameeleza kuwa Mwislamu aliyeingia katika nchi ile kwa amani hana ruhusa kuchukua chochote katika mali zao, kichache wala kingi. Kwani maadamu wao wamempa amani, nao wako katika amani naye. Na viza ni nini kama si hati ya amani? Mtu ameiomba kwa mkono wake, ameitilia sahihi, ameonyesha pasipoti mlangoni akaruhusiwa kupita. Hiyo ni ahadi, na ahadi itaulizwa Siku ya Kiyama.

Wala asidhani mtu kuwa hao wenyeji hawana sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya 1968 yahesabu kuwa si mdanganyifu yule aliyechukua mali akiamini kuwa mwenyewe hawezi kupatikana kwa juhudi ya kiasi. Maana yake, aliyeweza kumpata asijishughulishe ana khatari ya kuhukumiwa kuwa mwizi. Sheria ya Jinai ya Kenya, katika kifungu cha 268, ina maneno yanayokaribiana na hayo. Katika Imarati, sheria ya makosa ya 2021 yamtia hatiani kwa kifungo au faini mwenye kujimilikisha mali iliyopotea. Japani huamrisha kiokotwa kipelekwe polisi, na vituo vyao vidogo, viitwavyo koban, vimejaa kila mtaa. Asipotokea mwenyewe kwa miezi 3, mwokotaji aweza kupewa, na akitokea humlipa mwokotaji tuzo ya kati ya asilimia 5 na 20. Muda huo ulikuwa miezi 6 kabla ya sheria mpya iliyoanza kutumika 2007. Basi nchi ambayo Waislamu wake ni wachache mno yarudisha miavuli na vibeti kwa wenyewe, na sisi tulioletewa Hadithi ya Zaid twatafuta mwanya!

Iko kesi moja ya Uingereza ifaayo kusomwa. Mwaka 1978 abiria mmoja aliokota bangili ya dhahabu katika chumba cha kungojea ndege, uwanja wa Heathrow. Aliikabidhi kwa mfanyakazi wa shirika la ndege, akaacha jina na anwani, akaomba arudishiwe asipopatikana mwenyewe. Mwenyewe hakupatikana, na shirika likaiuza kwa pauni 850 likaziweka fedha. Abiria akashtaki, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ilimpa haki yake, ikasema kuwa mwokotaji aliyefanya wajibu wake ana haki kuliko shirika lile, ingawa hana haki mbele ya mwenyewe wa asili. Huyo hakuwa mwanafunzi wa Minhaji. Lakini alikabidhi, alijitambulisha, akangoja. Angeitia mfukoni akapanda ndege, asingekuwa na la kusema mbele ya hakimu yeyote.

Kesi hiyo yatufungulia jibu la msafiri. Yeye alalamika kuwa hawezi kutangaza mwaka mzima katika mji atakaokaa siku tatu. Kweli hawezi, wala Sharia haikumkalifisha. Vitabu vyetu vyasema kuwa mwokotaji asisafiri na kiokotwa, na kwamba akimkabidhi Kadhi, yampasa Kadhi akipokee. Kilichokusudiwa ni kitu kikae mahali ambapo mwenyewe atakwenda kukiulizia. Na katika miji ya leo mahali hapo ni polisi, au ofisi ya vitu vilivyopotea katika stesheni na uwanja wa ndege. Akikabidhi na kuchukua risiti, twaona dhima yake imetoka. Akirudishiwa baada ya muda wa serikali kwisha, kama ile miezi 3 ya Japani, bora akiweke kama amana mpaka mwaka utimie, na baada ya hapo ajue kuwa mwenyewe akitokea atamlipa. Tuzo atoayo mwenyewe kwa radhi yake haina ubaya.

Na vile vilivyosahauliwa katika chumba cha hoteli, kiti cha ndege, au teksi, hivyo si viokotwa kwa maana yake hasa, kwani viko katika mahali pa mtu mwenye kupamiliki. Hukabidhiwa huyo, basi. Anayevibeba hachukui cha njiani. Achukua cha ndani ya nyumba ya mtu, na hapo umbali baina yake na mwizi wa hirzi umekuwa mfupi sana.

Ama Makka, hukumu yake ni nzito kuliko zote. Siku ya kufunguliwa mji huo, mwaka wa 8 wa Hijra, Bwana Mtume alitangaza kuwa kiokotwa chake hakiwi halali ila kwa mwenye kukitangaza. Kwa madhehebu yetu, kitu cha Haram hakimilikiwi kabisa, hata mwaka ukipita. Hutangazwa daima, kwani watu wa pande zote hurudi huko kila mwaka, na mwenyewe akikosa kurudi aweza kumtuma mwenziwe. Haji aliyekuja na pete aliyoiokota karibu na Kaaba, akaiita baraka ya safari, ameleta deni.

Limebaki la aliyekwisha rudi nacho, kwani wengi wanaouliza huuliza kwa sababu hiyo, ijapokuwa husema kuwa wamwulizia rafiki. Kutubu peke yake hakutoshi. Haki ya binadamu haiondoki mpaka irudi. Ikiwa ndani yake mna jina, kadi, au namba, amtafute mwenyewe ampelekee, na gharama ni juu yake yeye. Ikiwa hamna, akipeleke kwa ofisi ya uwanja au polisi wa mji ule, hata kwa mkono wa mwaminifu anayesafiri, na aandike mahali na siku alipokiokota. Kikiwa kimeuzwa au kimeharibika, hutolewa thamani yake. Mwenyewe akiwa amekufa, ni haki ya warithi wake. Akikata tamaa kabisa ya kumjua, Imamu Ghazali ameeleza kuwa mali ya namna hii hutolewa kwa maskini au katika maslaha ya Waislamu, si kwa kutaka thawabu, bali kwa kujivua nayo. Na kile cha Makka kina njia iliyo nyepesi kuliko zote: akabidhiwe haji wa mwaka ujao, akipeleke katika ofisi ya vitu vilivyopotea ya Msikiti wa Haram.