SOMO JUU YA RIYAA NA SITARA KATIKA PICHA ZA MITANDAO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, somo hili limeandikwa kwa wazee na vijana pamoja, kwa ajili ya jambo lionekanalo leo katika kila mji wetu, tangu Mombasa na Unguja mpaka huku Iringo, Musoma, kando ya ziwa. Kijana wa leo hapigi picha akaiweka sandukuni kama walivyofanya babu zake. Huipiga akaipeleka papo hapo kwa watu asiowajua, kisha hukaa akihesabu waliomsifu. Ama hukumu ya picha yenyewe, wanavyuoni wamekhitilafiana, wala siyo mas-ala yetu hapa. Mas-ala yetu ni mawili: moyo wa mwenye kuipeleka, na haki ya yule aliyemo ndani yake.

FASILI YA KWANZA: HESABU IWEKWAYO MBELE YA MACHO

Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp 2009, na Instagram 2010. Katika mwaka huo wa 2009 Facebook iliweka alama ya kupenda, ambayo mtu huigusa kwa kidole na idadi ikaongezeka. Wenye Facebook na Instagram huchuma kwa matangazo, na kadiri mtu akaavyo mbele ya kioo cha simu ndivyo faida yao izidivyo. Basi idadi ile si pambo tu, ni chambo. Na kijana asiyefundishwa mizani nyingine hujipima kwa hiyo: zikiwa nyingi alama hujiona mtu, zikiwa chache hujiona si kitu.

FASILI YA PILI: MILANGO MITANO YA RIYAA

Imamu Ghazali, naye ni katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliandika katika *Ihyaa*, katika robo ya mambo yenye kuangamiza, kitabu kizima juu ya kupenda jaha na riyaa. Akabainisha ya kuwa watu hujionyesha kwa mambo matano: mwili, mavazi, maneno, vitendo, na la tano ni wafuasi na wageni, kama mtu afanyaye hila azuriwe na mkubwa ili isemwe kuwa fulani amezuriwa.

Tazama, ewe ndugu. Hakuacha hata mlango mmoja wa hii mitandao, na yeye amekufa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Uso na mwili, kanzu na saa, maneno ya hekima yasiyotendwa, picha ya Umra mkono ukiwa umeinuliwa kwa dua na jicho likiitazama simu. Kisha idadi ya wafuasi, na picha pamoja na mashuhuri. Chombo ni kipya, maradhi ni ya zamani. Na maradhi ya zamani yana dawa inayojulikana.

FASILI YA TATU: LIPI LAFAA NA LIPI HALIFAI

Wala isidhaniwe kuwa kila kujipamba ni riyaa. Kuvaa vizuri siku ya Idi ni sunna, na katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa uzuri wa nguo si kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kijana akiwapelekea jamaa zake picha ya Idi kwa furaha, hana lawama. Mfanya biashara akionyesha bidhaa yake kwa ukweli, hana lawama.

Lililo haramu ni mawili. La kwanza, kuifanya ibada ili isifiwe. Kwani ibada ni haki ya Mwenyezi Mungu, wala haina mshirika. La pili, uongo. Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa mwenye kujionyesha kwa kitu asichopewa ni mfano wa aliyevaa nguo mbili za uongo. Tuweke mfano: kijana asimama ubavuni mwa gari la mtu mwengine, apiga picha, aipeleka kama kwamba gari ni lake. Wazazi wa binti wakaiona, wakamwoza kwa taraja ile. Yeye akakopa ili aufuate uongo wake, na nyumba ikaanza kwa deni na hadaa. Picha moja, nayo ikabomoa nyumba kabla haijajengwa.

FASILI YA NNE: SITARA

Katika Hadithi ya Bukhari na Muslim umma wote umetarajiwa afua, ila wenye kudhihirisha maasi: mtu hutenda usiku, Mola wake akamsitiri, naye asubuhi akajifunua mwenyewe. Kijana hudhani kuwa picha itokayo baada ya saa 24 imekwisha. Hajui kuwa mwenziwe amekwisha inakili, na ataitoa siku ya ugomvi.

Na sitara ya mwenzio ni amana kubwa zaidi. Imamu Nawawi ameeleza ya kuwa ghiba si ya ulimi tu, bali ni kwa maandishi na kwa ishara vile vile. Kumpelekea mtu picha ya aibu ya nduguyo, pamoja na neno la kucheka, ni ghiba, hata kama yaliyosemwa ni kweli. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 katika Tanzania inamwadhibu mwenye kusambaza picha za uchafu na mwenye kujifanya mtu mwengine. Lakini hofu ya hakimu huisha mlangoni pa mahakama. Hofu ya Mwenyezi Mungu haina mlango.

FASILI YA TANO: SISI WAZEE

Twawalaumu vijana, nani aliyewafundisha? Ramadhani twagawa unga na tende, na kabla mjane hajaupokea mfuko twamwambia atazame simu. Uso wake wazunguka mjini, na watoto wake wachekwa chuoni. Qurani katika Suratul Baqara, aya ya 264, yatuonya kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Na aya ya 271 yaeleza kuwa kuidhihirisha ni vyema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora. Ikiwa wafadhili wataka ushahidi, ipigwe picha ya mifuko na hesabu iandikwe; uso wa maskini si risiti.

NASAHA

Kwanza, kabla ya kupeleka, jiulize: lau hapatakuwa na mtu wa kusifu, ningelifanya? Pili, usitoe picha ya mtu ila kwa idhini yake. Tatu, Instagram tangu mwaka 2021 imeruhusu kuificha idadi ya alama, ifiche. Nne, uwe na amali moja isiyojuliwa na mtu. Wala usiache jambo la kheri kwa kuogopa riyaa. Itengeneze nia, uendelee.

MASUALI YA KUDARISI

1. Taja milango mitano ya riyaa, na kila mmoja uupe mfano wa leo.
2. Ni ipi tafauti ya kujipamba na kujionyesha?
3. Je, mpelekaji wa pili wa picha ya aibu amesalimika na dhambi?

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera, na azitakase nia zetu. Amin.