UJAMAA WA WANYAMA NA UIGAJI WA KOMPYUTA: MANTIKI NA ISTILAHI ZA KUPANGA UCHUNGUZI WA IDADI YA WANYAMAPORI

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna uigaji wa kompyuta unavyotumika kupanga uchunguzi wa idadi ya wanyamapori unaotegemea jamaa waliotambuliwa kwa vinasaba. Hoja yake kuu ni kwamba uigaji huo ni sehemu ya lazima ya upangaji, na kwamba mpangaji asiyetenganisha istilahi za nasaba kwa makini atahesabu jozi zisizostahili na kupata idadi isiyo ya kweli.

1.0 Utangulizi

Swali la wanyama wangapi wamo porini au baharini ni la zamani. Petersen wa Denmark, mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani, mwaka 1930, walilijibu kwa hoja moja: wanyama watiwe alama, waachiliwe, kisha wakamatwe tena. Uwiano wa wenye alama katika mkamato wa pili hudokeza ukubwa wa kundi zima. Hata hivyo, njia hiyo hutatiza pale ambapo mnyama ni adimu, haonekani kwa urahisi, au hufa anapovuliwa.

Mwaka 2001 Skaug, akishughulikia nyangumi, alionyesha kwamba jamaa wanaotambuliwa kwa vinasaba wanaweza kushika nafasi ya alama. Mwaka 2016 Bravington, Skaug na Anderson waliipanua hoja hiyo ikawa nadharia kamili. Kiini chake ni hiki: kila mtoto amebeba mwilini mwake alama ya wazazi wawili. Mzazi hana haja ya kukamatwa mara mbili, kwani "hukamatwa tena" kwa njia ya mtoto wake.

Mfano mashuhuri ni wa jodari wa kusini mwenye mapezi ya buluu, ambaye hutaga kusini ya Java na ambaye wadogo wake huvuliwa kusini mwa Australia. Katika sampuli za samaki zaidi ya 13,000 zilizokusanywa kati ya mwaka 2006 na 2010, zilipatikana jozi 45 tu za mzazi na mtoto. Jozi hizo chache zilitosha kukadiria idadi ya jodari wazima. Msomaji atajiuliza: watafiti walijuaje, kabla ya kuanza, kwamba maelfu ya sampuli yangehitajika, wala si mamia? Swali hilo ndilo linalotuongoza katika makala haya.

2.0 Msingi wa hesabu

Tuchukulie kundi lenye wanyama wazima N. Mtoto yeyote ana wazazi 2. Kwa hiyo, tukimchagua mtu mzima mmoja bila upendeleo, uwezekano wa yeye kuwa mzazi wa mtoto huyo ni 2/N. Tukichukua sampuli za wazima W na watoto T, tutakuwa na milinganisho W x T, na jozi zinazotarajiwa zitakuwa 2WT/N. Tukizihesabu jozi zilizopatikana, J, tunapata kadirio la N kuwa 2WT/J.

Tuseme N ni 10,000. Sampuli za wazima 500 na watoto 500 zinatoa milinganisho 250,000 na jozi 50 kwa matarajio. Mtawanyiko wa kadirio hukaribia moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha jozi, yaani asilimia 14 hivi. Lakini sampuli za wazima 100 na watoto 100 zinatoa jozi 2 tu kwa matarajio. Mtawanyiko unafika asilimia 71, na mara 13 au 14 katika kila 100 mtafiti hatapata jozi hata moja. Sampuli zimepungua mara tano, jozi zimepungua mara ishirini na tano.

Upande wa pili wa kanuni hiyo unatia moyo. Kundi likiwa la wanyama 1,000,000, yaani mara mia zaidi, jozi 50 zitapatikana kwa wazima 5,000 na watoto 5,000, yaani mara kumi tu zaidi. Ndiyo sababu njia hii inawezekana hata kwa samaki wa bahari kuu.

3.0 Istilahi za nasaba

Neno "ujamaa" linatumika hapa kwa maana yake ya asili, yaani uhusiano wa damu, wala si kwa maana ya kisiasa iliyolizoea tangu miaka ya 1960. Aidha, neno "vinasaba" limejengwa juu ya "nasaba", ukoo. Kwa hiyo istilahi yenyewe inakumbusha kwamba tunasoma ukoo ndani ya chembe.

Hata hivyo, msamiati wetu wa kila siku wa jamaa hauwezi kuhamishwa hivi hivi. "Ndugu" huwakumbatia wa tumbo moja, watoto wa baba mdogo, hata wa kijiji kimoja. Vivyo hivyo, "baba" na "mama" huweza kuwa wakubwa na wadogo. Mfumo huu hupanga watu kwa mafungu ya heshima na wajibu, ilhali vinasaba hupima kiasi cha urithi. Lugha ya mirathi ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji yetu, kwa kuwa hiyo nayo hulazimika kupima. Huko hutenganishwa ndugu shakiki, waliochangia baba na mama, na ndugu wa baba mmoja au wa mama mmoja. Makala haya yanapendekeza mgawanyo huo ufuatwe.

Tatizo halisi liko hapa. Mzazi na mtoto huchangia nusu ya urithi, nao hutambulika bila shida kubwa. Ndugu wa mzazi mmoja huchangia robo kwa wastani. Lakini babu na mjukuu nao huchangia robo, na pia mjomba au shangazi na mtoto wa ndugu yake shakiki. Vinasaba peke yake huona "jamaa wa robo" tu, wala havitaji jina la uhusiano. Umri ndio unaosaidia. Ikiwa mnyama huanza kuzaa akiwa na miaka 4, babu na mjukuu hawawezi kupishana chini ya miaka 8. Mpangaji anayejua hili atahakikisha kwamba umri wa kila mnyama unapimwa, na jozi za mpishano mkubwa zitawekwa kando.

Utenganishaji huo una uzito pale ambapo wazima hawapatikani. Katika uchunguzi wa papa weupe wa Australia mashariki na New Zealand, uliochapishwa mwaka 2018, wachanga tu ndio waliochukuliwa sampuli, na ndugu wa mzazi mmoja ndio waliohesabiwa. Kadirio la wazima lilikuwa takriban 750. Vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kwa mama, husaidia kuwatenga ndugu wa kukeni na wa kuumeni.

4.0 Hatua za uigaji

Kanuni ya sehemu ya 2.0 hudhani kwamba wazima wote wana nafasi sawa ya kuzaa na ya kuchukuliwa sampuli. Porini hali si hiyo, na hapo ndipo uigaji unapohitajika. Kwa "uigaji" tunamaanisha kuunda ndani ya kompyuta kundi la wanyama wa kubuni wanaozaliwa, wanaozaa na wanaokufa kwa kufuata kanuni tulizozitaja waziwazi. Hatua zake ni nne.

Kwanza, huundwa kundi ambalo idadi yake inajulikana, na kila mnyama huandikiwa baba, mama na mwaka wa kuzaliwa. Pili, miaka hupitishwa. Tatu, sampuli huchukuliwa kama zitakavyochukuliwa porini, jozi hutafutwa, na idadi hukadiriwa kana kwamba haijulikani. Nne, zoezi zima hurudiwa mara mamia, kisha makadirio hulinganishwa na ukweli. Wastani wake ukiwa mbali na ukweli, kuna mwelemeo. Makadirio yakipishana mno yenyewe kwa yenyewe, kuna mtawanyiko. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti: sampuli nyingi hupunguza mtawanyiko, lakini haziondoi mwelemeo.

5.0 Kasoro ambazo uigaji hufichua

5.1 Kundi lililogawanyika. Tuchukue wazima 10,000 waliogawanyika katika makundi mawili ya 5,000 yasiyochanganyika. Sampuli zote zikitoka upande mmoja, wazima 500 na watoto 500 watatoa jozi 100, na kadirio litakuwa 5,000, nusu ya ukweli. Wazima wakitoka upande mmoja na watoto upande mwingine, hakutakuwa na jozi kabisa. Lakini sampuli zikigawanywa sawa, 250 kwa 250 kila upande, zitapatikana jozi 25 na 25, na kadirio litarudi 10,000. Conn na wenzake, mwaka 2020, walitumia uigaji kuchunguza tatizo la aina hii hii, wanyama wanapotembea kidogo na sampuli zikachukuliwa bila uwiano.

5.2 Mama na mtoto kukamatwa pamoja. Tuseme, katika mpango wa jozi 50, watoto 20 wanakamatwa wakiwa ubavuni mwa mama zao. Jozi zitakuwa 70, na kadirio litashuka hadi 7,143. Jozi hizo ni za kweli kinasaba, lakini si za bahati, na hesabu yote imejengwa juu ya bahati.

5.3 Majike wanaozaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Wakiwa 1,000 katika zamu mbili za 500, watoto waliopishana mwaka mmoja hawawezi kuwa na mama mmoja. Waliopishana miaka miwili wana uwezekano wa 1/500, tukiacha vifo kando. Mtafiti atakayekusanya kwa miaka miwili mfululizo tu, akilinganisha watoto wa miaka tofauti, hatawaona ndugu wa kukeni hata mmoja. Mwaka wa tatu unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kuongeza sampuli maradufu katika miaka miwili ya mwanzo.

Mifano hii mitatu ni myepesi kiasi cha kukokotolewa kwa kalamu. Porini kasoro hizo huja pamoja, zikichanganyika na vifo, ukubwa wa mwili na makosa ya kupima umri. Kuzifuatilia zote kwa kalamu hakuwezekani, kompyuta huzifuatilia.

6.0 Mipaka ya uigaji

Haifai kuugeuza uigaji kuwa shahidi wa yale ambao haukuyaona. Kundi la kubuni halijui lolote isipokuwa lile tulilolifundisha. Asiyeingiza mgawanyiko wa makundi hatauona katika matokeo, na mpango wake utaonekana salama. Kwa sababu hiyo, dhana zote ziandikwe kabla ya kuanza, na kila dhana yenye shaka ijaribiwe kwa kuvunjwa makusudi. Swali zuri si "mpango huu unafanya kazi?" bali "ni lipi likiwa si kweli, mpango huu utaanguka?"

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba idadi ya jozi hutegemea zao la sampuli mbili, kwamba jamaa wa robo hawatenganishwi bila umri, na kwamba mgawanyo wa sampuli kwa mahali na kwa miaka huweza kuwa muhimu kuliko wingi wake. Kadirio likielemea juu, wavuvi huruhusiwa kuvua wasichostahili. Likielemea chini, watu hunyimwa riziki bila sababu. Gharama ya kulitambua kosa ndani ya kompyuta ni siku chache za kazi, ilhali sampuli ya mwaka uliopita haiwezi kukusanywa tena. Kwa upande wa lugha, wanafunzi wa uzamili wanahimizwa kuendeleza istilahi zilizopendekezwa hapa, hasa "jamaa wa robo", "mwelemeo" na "mtawanyiko", na kuzipima katika ufundishaji wa baiolojia kwa Kiswahili.