Gurudumu Linaponguruma: Somo la Kubadili Beringi



Msimu wa kuchuma ukifika, veni ya shamba haina saa ya kupumzika. Alfajiri hupeleka wachumaji, jioni hurudisha karafuu mbichi, na zilizokauka huzichukua mpaka kituoni. Ikikwama njiani wakati wa magharibi, karafuu mbichi zilizorundikwa humo hushika joto usiku kucha, na asubuhi rangi yake imekwisha haribika. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni gurudumu kung'oka na watu wamo ndani.

Mfano wa jambo hili tunao kwa wenzetu wa kusini, wa Nachingwea na Ruangwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi yaliyonunuliwa yalikuwa masalio ya vita. Yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na vipuri vilikuwa shida. Mvua na udongo navyo vilikuwa na sehemu yao, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea ikafungwa mwaka 1962, na tangu hapo mazao ya huko, korosho, ufuta na mbaazi, yanategemea matairi. Katika njia za changarawe vumbi jembamba hupenya sili iliyochakaa, likachanganyika na grisi likawa kama msasa. Sisi visiwani tuna matope na hewa ya chumvi, ambavyo haviihurumii beringi hata kidogo.

Beringi haifi kimya kimya. Kwanza hunguruma, na mngurumo huzidi kadiri mwendo unavyozidi. Ukikata kona ya kushoto na sauti ikakua, shuku gurudumu la kulia, kwa kuwa ndilo linalolemewa na uzito. Kisha inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ubaya uko kwenye beringi. Ukibaki, tazama viungo vya usukani na vya springi.

Somo hili ni la gurudumu la mbele la veni za zamani, zenye beringi mbili za roli zilizochongoka, moja ya ndani na moja ya nje. Magari mengi mapya yana beringi moja iliyofungwa, nayo huingizwa kwa mashine ya kushindilia. Hiyo mpelekee fundi, usiipige nyundo nyumbani.

Egesha gari mahali tambarare, uzuie magurudumu ya nyuma kwa magogo. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Ukiisha inua, weka stendi au gogo nene chini ya gari. Jeki peke yake haiaminiki, na tofali la saruji hupasuka ghafula. Ondoa gurudumu, kisha kifaa cha breki, ukifunge juu kwa waya kisining'inie kwa mpira wake. Toa kifuniko cha grisi, pini, nati na washa, halafu vuta habu yote.

Ng'oa sili ya zamani uitupe. Vikombe vya chuma vilivyomo ndani ya habu vitoe kwa kugonga huku na huku kwa kipande cha shaba. Hapa wengi hufanya ubahili: huweka roli mpya juu ya kikombe cha zamani. Kikombe kilichokwisha chimbika kitaila beringi mpya kwa muda mfupi, na fedha imepotea. Dukani nenda na beringi ya zamani mkononi, muuzaji asome namba iliyochapwa juu yake.

Osha habu kwa mafuta ya taa, uikaushe kwa kitambaa safi. Ukiona ekseli imekuwa ya buluu kwa joto au ina michirizi, simama hapo. Beringi mpya haitaiponya. Gonga vikombe vipya viingie sawasawa mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Tia grisi ya beringi kiganjani, uikandamize kati ya roli mpaka itokee upande wa pili. Usichanganye grisi mpya na ya zamani.

Kukaza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Kaza nati huku ukizungusha habu, ili roli zikae mahali pake. Kisha ilegeze, ukaikaze tena kwa nguvu ya vidole tu, ila kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Ikikazwa mno beringi huungua. Ikilegea mno gurudumu huyumba. Habu iwe huru kuzunguka bila kucheza. Tia pini mpya.

Rudisha breki na gurudumu, teremsha gari, ukaze nati. Kabla ya kuondoka pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivyo huenda akakanyaga mara ya kwanza akakuta hamna kitu. Baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi, simama uguse habu za pande zote mbili. Iliyotengenezwa ikiwa ya moto sana kuliko mwenziwe, irudishe kwenye jeki siku hiyo hiyo, kabla hujapakia mtu.