Ghala la Faili Nyumbani: Mafunzo Sita Niliyopata Nyantende

"Yaya, ya mwisho ni ipi?" Mdogo wangu aliniuliza hivyo kila jioni alipokuwa akiandika TFC yake, kazi ya kumalizia masomo. Kazi ile ile ilikuwa mahali pane: kwenye kompyuta yake, kwenye flashi mbili, na kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye Linux. Siku moja akapeleka Bukavu kuchapisha nakala ya zamani, na flashi ikarudi na virusi. Ndipo nikaamua kompyuta yangu iwe ghala la nyumba nzima. Nilitumia Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo inayoiwezesha Linux kuelewana na Windows kwa itifaki ya SMB.

1. Mega hazihitajiki

Mke wangu aliponiona nimewasha ruta, aliuliza: "Baba watoto, mega umetoa wapi?" Hatukuwa na mega, yaani data ya intaneti, hata moja. Faili hutoka mashine hadi mashine humu humu ndani, bila kupitia kwa kampuni ya simu. Ruta ya mitumba isiyo na intaneti inatosha kabisa.

2. Milango ni miwili

Hapa nilipoteza usiku tatu. Katika smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, niliandika `read only = no`, nikaendesha `testparm`, amri ya kuikagua, nayo haikuona kosa. Lakini kila mdogo wangu alipojaribu kuweka faili, Windows ilimkatalia. Nikaendelea kuisahihisha smb.conf, kumbe kosa halikuwa humo. Usiku wa tatu nikaikagua folda ya ghala kwa `ls -ld /srv/familia`, na jibu likaonyesha `root root`. Folda niliiunda kwa sudo, kwa hiyo mwenyewe alikuwa root, na wengine waliruhusiwa kusoma tu. Samba ilikuwa imefungua mlango wake, ila nyuma yake Linux ilikuwa bado imefunga wa kwake.

Niliunda kundi la familia, nikawatia wote humo, nikalikabidhi folda kwa `chgrp`, kisha `chmod 2770`. Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya liwe mali ya kundi. Hata hivyo, kesho yake mke wangu alifungua faili la shemeji yake akashindwa kulihifadhi. Sababu ni kwamba Samba, isipoelekezwa, hulipa faili jipya ruhusa ya kuandikwa na mwenyewe peke yake. Niliongeza `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`, na tangu hapo kila mmoja anasahihisha kazi ya mwenzake.

3. Kila mtu na nenosiri lake

Nenosiri la kuingilia Linux silo la Samba. Mtu kwanza awe na akaunti kwenye kompyuta, halafu umwandikishe kwa `sudo smbpasswd -a` ukifuatiwa na jina lake. Usiwape watu wote jina moja kwa kuogopa kazi. Faili likiharibika, utataka kujua nani aliligusa mwisho.

4. Anwani isihamehame

Kwetu umeme hukatika mara kwa mara. Uliporudi siku moja, ruta ilizigawia mashine anwani upya, na njia tuliyoizoea, `\\192.168.1.20\familia`, ikawa haifiki popote. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikaitengea kompyuta yangu anwani hiyo moja, na haijabadilika tena.

5. Usifufue SMB1

Mwalimu jirani alileta kompyuta ya Windows XP, ikashindwa kuunganishwa. XP inajua SMB1 tu, toleo la kwanza la SMB, na Samba imeizima tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Ningeweza kuiwasha kwa mstari mmoja, lakini nilikataa. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupenya udhaifu wa SMB1 katika Windows. Badala yake tuliweka Linux nyepesi kwenye mashine yake, na sasa anaingia kama sisi.

6. Ghala si akiba

Mtoto alifuta folda ya picha, ikapotea kwa wote papo hapo, maana kilichofutwa kupitia Samba hakiendi kwenye pipa la taka usipoliandaa mwenyewe. Kwa bahati nilikuwa na nakala. Kila Jumamosi nanakili ghala lote kwa `rsync` kwenye diski ya nje, kisha diski inalala kwa wazazi wangu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au mwizi akiingia, kazi ya familia bado ipo.

Siku ya kuchapisha TFC, mdogo wangu alifungua folda yake ghalani. Mlikuwa na faili moja tu. Hakuniuliza kitu, alilichukua, akaondoka kwenda Bukavu.