Nondo mweusi na neno «bintu»: somo la namna ya kuandika tofauti

Mwaka 1890, mwalimu wa shule wa Uingereza, James William Tutt, alianzisha jarida dogo lililoitwa The Entomologist's Record and Journal of Variation. Lilikuwa la wapenzi wa wadudu, watu waliokuwa na kazi nyingine mchana na kutoka na taa usiku. Neno la mwisho katika jina lake linatuhusu sisi wanaisimu: tofauti.

Sehemu kubwa ya majarida ya aina hii ni habari fupi za mistari michache: mdudu gani, ameonekana wapi, tarehe gani, na nani, na sura yake inatofautianaje na ile ya kawaida. Je, habari kama hizo zina faida gani?

Tuchukue nondo aitwaye Biston betularia. Kwa kawaida ni mweupe mwenye madoa meusi. Mwaka 1848 mweusi alikamatwa Manchester, na mwaka 1864 R. S. Edleston akaitoa habari hiyo katika jarida The Entomologist. Kufikia mwaka 1895, karibu asilimia 98 ya nondo hao mjini humo walikuwa weusi. Mwaka 1896 Tutt alieleza sababu: moshi wa viwanda ulizifanya shina za miti kuwa nyeusi, hivyo ndege waliwaona weupe upesi na kuwala. Katika miaka ya 1950 Bernard Kettlewell alilipima wazo hilo msituni. Bila mahali na tarehe, yule wa 1848 angebaki kioja ndani ya sanduku.

Sasa tujitazame. Sote tunajua kwamba Lubumbashi husikika «batoto» na «bintu» mahali pa «watoto» na «vitu». Lakini tukiandika tu kwamba «Wakongo husema bintu», tumeandika nini? Nani alisema, katika komini gani, mwaka gani, akizungumza na nani? Mtu yule yule huweza kusema «bintu» sokoni na «vitu» mbele ya mwalimu. Tusipoandika leo, atakayechunguza lugha hii mwaka 2060 hatajua badiliko lilianzia wapi.

Kuna hadhari moja. Mpenzi wa wadudu hukimbilia aliye adimu na kumpita wa kawaida, na hapo hesabu hupotoka. Nasi hupenda kunukuu neno la ajabu na kuyaacha yale ya kila siku. Yote mawili yaandikwe.

Kwa hiyo napendekeza kila toleo la jarida letu liwe na ukurasa mmoja wa habari fupi: sentensi kamili kama ilivyosikika, mahali, tarehe, umri wa msemaji, lugha nyingine azijuazo, na jina la aliyeandika. Jina la msemaji tulihifadhi. Mistari mitano yatosha, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza.