UMEME UKIKATIKA USIKU WA MVUA: MBABULA ISILALE NDANI YA NYUMBA

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambi,

Majira ya mvua yamefika. Tufani inaangusha miti juu ya nyaya, umeme unakatika, nyumba inabaki gizani. Giza peke yake haliui mtu. Kinachoua ni mambo tunayofanya kwa haraka gizani.

Usiku mmoja wa mvua kubwa, walituletea dispanseri mama mmoja na watoto wawili. Umeme ulipokatika, mama aliingiza mbabula chumbani ili apike na kuondoa baridi, akafunga mlango na dirisha. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alikuta hawaitiki. Mama na mtoto mkubwa walipona. Mdogo hatukuweza kumwamsha tena.

Sumu hii ni nini?

Makala yanayowaka hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Wengi husema: «Makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, hakuna hatari.» Si kweli. Gesi hiyo hushika damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo vinakosa hewa, na aliyelala hasikii kitu.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi unajua jambo hili: baada ya baruti kulipuka, hakuna anayeingia mpaka mashine za hewa zimeondoa moshi. Gesi ile ile imo katika moshi huo. Basi, mbona mtoto alale nayo nyumbani?

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wakiugua watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, usiseme ni malaria, tungoje asubuhi. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje, kisha mbio dispanseri.

Mambo ya kushika

1. Mbabula ipikie nje, chini ya paa lisilo na kuta. Hata makala yanayoanza kuzimika yasiingie ndani.

2. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na moshi wake usielekee madirishani.

3. Waya ukianguka, kaa mbali, mita 10 au zaidi, hata kama taa zote zimezimika. Usikanyage maji yaliyo karibu nao. Tarehe 2 Februari 2022, huko Kinshasa, waya wa umeme mkubwa uliangukia soko la Matadi-Kibala lililojaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa.

4. Tochi ni bora kuliko mshumaa. Mshumaa ukiwashwa, usikae karibu na chandarua, wala usiachwe na watoto peke yao.

5. Chomoa pasi na resho mara umeme unapokatika. Ukirudi mmelala, vitawaka bila mtu kuviangalia.

Baba, kabla ya kwenda kazi ya usiku, yaeleze haya nyumbani, na hakikisha blanketi zipo za kutosha. Baridi ifukuzwe na blanketi. Mbabula ibaki nje.

Msaidizi wa muganga