Bustani ya Gunia Kakuma, na Hukumu ya Maji Yaliyotumika

Imekuja mas'ala katika darasa yetu: mtu akitawadha katika nchi yenye dhiki ya maji, je, yajuzu kuyakinga yale yanayomdondoka akanyweshea mboga? Jawabu yake ni nyepesi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji machache yaliyokwisha kutumika katika faradhi ya udhu ni tahiri, lakini hayatahirishi. Hayafai kutawadhia tena. Ama mche, hauhitaji udhu. Kuyanywesha mimea ni halali, na kuyamwaga bure penye watu wenye kiu ni israfu.

Muulizaji alitaja Kakuma, na khabari ya huko yastahili kuelezwa. Ni katika Turkana, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi iliwekwa hapo mwaka 1992, walipoingia vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, wapo watu kama 300,000, wakiwemo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo na Warundi, na Waislamu miongoni mwao ni wengi. Wageni huandika vitabuni mwao kuwa Kakuma kwa Kiswahili maana yake ni "pasipo mahali". Sisi wenye lugha hatulijui neno hilo. Lakini mahali pakisha kuitwa si mahali, ni rahisi kudhani kwamba hapaoti kitu.

Posho ya kambini tangu zamani ni nafaka, kunde au dengu, na mafuta. Mboga mbichi haimo. Mwenye fedha hununua sokoni, asiye nazo hukosa. Na mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani, kwa kupungukiwa na fedha, lilipunguza posho hata ikawa chini ya thuluthi ya kipimo kamili.

Hapo ndipo ijuapo faida ya bustani ya gunia, ambayo imefunzwa Kakuma kwa miaka mingi. Hutwaliwa gunia, likatiwa udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, nao mbuzi Turkana ni wengi. Katikati husimamishwa mkebe uliotolewa vitako vyote viwili, ukajazwa kokoto. Udongo ukipanda, mkebe nao huvutwa juu ukajazwa tena, hata gunia lijaapo huwa pamebaki nguzo ya kokoto toka chini mpaka juu. Maji humiminwa juu ya kokoto hizo, yakashuka na kuenea pande zote kabla jua halijayawahi. Kisha ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu likapandwa mche wa sukuma wiki au mchicha. Mwenye nafasi kidogo huchimba kitalu cha shimo, kilicho chini kuliko kingo zake, ili tone la maji lisikimbie. Akizungushia miiba ya mathenge, mbuzi hawaingii. Mti huo umekuwa adha kubwa kwa wafugaji, lakini kwa ua wafaa.

Mama aliyekuwa akingoja kila kitu apimiwe, sasa achuma mwenyewe, na apenda ampelekee jirani fungu. Tuitazame hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik, aliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo humhesabia mpandaji sadaka kwa kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama: basi huyu mpokeaji wa sadaka amekuwa mtoaji. Hiyo ndiyo nguvu tunayoisema, nayo haipatikani kwa nguo kuukuu tunazozifunga mitumba kila Ramadhani.

Hata hivyo asije mtu akasema, "Wana bustani, wapunguzieni unga." Hashibi mtu kwa sukuma wiki. Wala tusiwasahau Waturkana: ardhi ile ni yao, ukame wawapiga wao kwanza, na wengi wao ni maskini kama wageni wao. Mbegu itakayopelekwa ipelekwe pande zote mbili.

Atakayetaka kusaidia, na anunue mbegu, magunia na mapipa ya kukingia maji. Na wenye misikiti huko wauelekeze mfereji wa udhu kwenye kitalu, ila maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasichanganywe humo, kwani huuharibu udongo.